Njia Panda ya Shingoni: Kwa Nini Tunapaliwa, na Kwa Nini Tunaongea

Mko kwenye bwalo la chakula, makande yameshapakuliwa, mmoja anasimulia kituko cha mwalimu wa zamu na meza nzima inacheka. Ghafla mwenzenu anaanza kukohoa mfululizo, macho yamemwiva, machozi yanamtoka. Amepaliwa. Mmoja anampiga mgongoni, mwingine anasema eti kuna mtu anamsengenya huko kwao. Baada ya nusu dakika ametulia, anafuta machozi na kuendelea kula.

Tumezoea kupaliwa kiasi kwamba hatujiulizi swali lenyewe. Mbona chakula na hewa vinapita mahali pamoja? Mwambie fundi yeyote wa Gerezani au wa Kamukunji akutengenezee mtambo wenye bomba la hewa na bomba la chakula. Atayaweka mbalimbali, na ukimwambia ayakutanishe atakuuliza kama una akili timamu. Sisi yetu yamekutana. Tena si kukutana tu, yanapishana kama barabara mbili kwenye njia panda isiyo na taa.

Tuangalie ramani. Hewa inayoingia puani inashuka nyuma ya kinywa. Lakini bomba la hewa liendalo mapafuni liko upande wa mbele wa shingo, unaweza hata kuligusa kwa kidole. Umio, yaani bomba la chakula, uko nyuma yake, umeegemea uti wa mgongo. Kwa hiyo hewa itokayo nyuma lazima ivuke kwenda mbele, na chakula kitokacho mbele lazima kivuke kwenda nyuma. Vinavukana kooni.

Weka vidole viwili kwenye kile kinundu kilicho mbele ya shingo yako, halafu meza mate. Umeona? Kinundu kimepanda juu, kisha kikashuka. Hicho ni kikoromeo, kisanduku cha gegedu kinachokaa juu ya bomba la hewa. Kila unapomeza, kikoromeo kinapanda na kujificha chini ya ulimi, kifuniko kidogo chenye umbo la jani kinalala juu ya mlango wake, na ndani mikunjo miwili inabana. Kule juu kaakaa laini linainuka kuziba njia ya puani. Pumzi inasimama. Yote hayo kwa muda wa kama sekunde moja, mamia ya mara kwa siku, hata usingizini. Unapocheka ukiwa na chakula mdomoni unautaka mlango ule ule ufunge na ufungue kwa wakati mmoja. Hapo ndipo punje ya mahindi inapopotea njia.

Basi nani alichora ramani hii? Jibu tutalipata kwa samaki mmoja wa Ziwa Victoria.

Samaki anayekufa maji

Samaki huyo anaitwa kamongo. Watu wa Mwanza, Musoma na Kisumu wanamfahamu vizuri: mrefu na mnene kama chatu mdogo, mapezi yake membamba kama kamba. Akinaswa kwenye nyavu akashindwa kuja juu, anakufa maji. Ndiyo, samaki anakufa maji! Kamongo mkubwa ana matamvua lakini ni madogo mno, hayamtoshi. Kila baada ya muda lazima apande juu, afungue mdomo na kumeza hewa, kwa sababu ana mapafu. Kwenye mabwawa yanayokauka anajichimbia matopeni, anajizungushia ute unaokauka kama mfuko, na kukaa humo miezi kadhaa akipumua kupitia tundu dogo hadi mvua irudi.

Kamongo si babu yetu. Ni ndugu wa mbali ambaye amebaki na mpangilio wa kale, na kwa kumtazama yeye tunaelewa kilichotokea. Zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita walikuwapo samaki walioishi kwenye maji yenye oksijeni haba. Samaki anapotweta huja juu na kugugumia hewa, hata leo utawaona wakifanya hivyo kwenye bwawa lililochafuka. Sasa samaki ana bomba moja tu linalotoka mdomoni kwenda ndani, nalo ni la chakula. Hewa aliyoimeza ilipita humo humo. Wale waliokuwa na kifuko kidogo pembeni mwa bomba hilo, kifuko kinachoshika hewa na chenye mishipa ya damu ya kunyonya oksijeni, walinusurika zaidi na kuzaa zaidi. Kizazi baada ya kizazi kifuko kikakua. Ndiyo mapafu hayo.

Kwa hiyo hewa na chakula hazikukutanishwa na mtu. Zilianza pamoja. Mapafu ni chipukizi la bomba la chakula, na chipukizi haliwezi kuuhama mti wake.

Kama huamini habari za samaki wa kale, basi tazama tumboni mwa mama mjamzito. Katika wiki ya 4 hivi mtoto hana mapafu hata kidogo. Ana bomba moja. Kisha upande wa mbele wa bomba hilo linachipua tumba, linakua kuelekea chini, linagawanyika kulia na kushoto. Ndiyo maana bomba la hewa liko mbele na umio uko nyuma. Mara chache kutengana huku hakukamiliki, mtoto anazaliwa mabomba mawili yakiwa bado yameungana. Huyo akinyonya tu anapaliwa na kubadilika rangi, na anahitaji upasuaji bila kuchelewa.

Kuna samaki ambao kifuko chao kilihamia kwenye kazi nyingine kabisa. Nenda mwaloni Mwanza uulizie mabondo. Bondo la sangara ni kibofu cha hewa kinachomwezesha kukaa kwenye kina anachotaka bila kuzama wala kuelea juu ovyo. Linanunuliwa kwa bei ya kutisha na kusafirishwa hadi China. Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu asili ya spishi, alidhani kwamba kibofu cha samaki ndicho kilichogeuka kuwa mapafu. Leo tunajua ilikuwa kinyume: mapafu yalitangulia, na bondo ni pafu lililobadilishiwa kazi. Lakini jambo la msingi Darwin aliliona sawasawa, kwamba kiungo kilichozoea kazi moja kinaweza kuishia kwenye kazi nyingine. Na katika kitabu hicho hicho alishangaa, kama tunavyoshangaa sisi, kwamba kila tonge tunalomeza lazima lipite juu ya mlango wa mapafu.

Mlango uliojifunza kuimba

Ukishakuwa na mfuko wa hewa unaofungukia kwenye bomba la chakula, na wewe unaishi majini, una tatizo kubwa: maji yataingia. Kamongo ana mpasuko kwenye sakafu ya koo wenye misuli inayoubana. Ni mlango, basi. Hauongei, hauimbi, hauna habari na sauti.

Mwaka 1929 daktari mpasuaji wa Uingereza, Victor Negus, alichapisha kitabu kinene baada ya kupasua na kulinganisha vikoromeo vya wanyama wa kila namna. Alichoonyesha ni kwamba kazi ya kwanza ya kikoromeo ilikuwa ulinzi wa mapafu. Sauti ilikuja baadaye sana, kama mgeni aliyekuta nyumba imeshajengwa.

Mgeni huyo aliingiaje? Chukua puto, lijaze pumzi, kisha mdomo wake uvute pembeni kwa mikono miwili ili hewa itoke kidogo kidogo. Linapiga kelele za kuudhi. Mdomo wa puto haukutengenezwa kwa ajili ya kelele. Umetengenezwa ili upulizie hewa, lakini midomo miwili laini ikipitishwa hewa kwa nguvu inatetema yenyewe. Ile mikunjo iliyokuwa ikilinda mapafu ilikuwa tayari ni midomo ya namna hiyo. Chura akaitumia kuita jike, simba akaitumia kunguruma, sisi tukaitumia kutongoza, kuhubiri na kutangaza mpira.

Kwenye somo la Kiswahili umefundishwa ala za sauti, ukaambiwa kuna nyuzi sauti. Jina zuri, ila linadanganya kidogo. Si nyuzi kama za gitaa, ni kingo za mlango. Mwanamume akiongea kwa kawaida zinagongana kama mara 100 hadi 130 kwa sekunde, mwanamke kama mara 200.

Na kazi ya zamani haikuachwa. Nyanyua ndoo ya maji ya lita 20 ujisikilize. Umebana pumzi, na ukishaitua inatoka "hmh!" Umefunga mlango ili kifua kijae hewa na kukakamaa, mikono ipate mahali imara pa kuvutia. Mama anayesukuma mtoto leba huufunga mlango huo huo. Anayejikamua chooni vilevile. Kukohoa ni kuufunga, kubana hewa nyuma yake, halafu kuufyatua. Mlango mmoja, ajira nne au tano.

Ndege wao walishika njia nyingine. Wana kikoromeo lakini kimebaki mlango tu. Sauti yao inatokea kwenye chombo tofauti kilicho chini, karibu na pale bomba la hewa linapogawanyika. Jogoo anayekuamsha saa kumi na moja anawika kutokea kifuani.

Mwaka 1982 wanasayansi wawili, Stephen Jay Gould wa Marekani na Elisabeth Vrba aliyekuwa akifanya kazi Afrika Kusini, walisema jambo hili linastahili jina lake. Kiungo kilichochujwa na mazingira kwa kazi kinayoifanya leo ni kitu kimoja. Kiungo kilichokuwapo kwa sababu nyingine, kisha kikashika kazi mpya, ni kitu kingine, na hicho walikiita eksaptesheni. Mfano ulio maarufu ni manyoya ya ndege. Tangu mwaka 1996 wachimbaji wa visukuku huko China wamepata dinosaria wenye manyoya ambao wasingeweza kuruka hata mita moja, kwa hiyo manyoya yalikuwapo kabla ya kuruka. Hata sikio lako limo: mwaka 1837 Mjerumani Karl Reichert alionyesha kwamba baadhi ya vile vifupa vidogo vinavyopitisha sauti ndani ya sikio vinalingana na mifupa ya taya za wanyama watambaao. Mababu zetu walitafunia kile tunachosikilizia.

Kwa hiyo kwenye mtihani usiandike "mapafu yalitokea ili wanyama waweze kuishi nchi kavu." Hiyo "ili" ndiyo inayokunyima alama. Samaki hakujua kuna nchi kavu inamsubiri. Alikuwa anatafuta pumzi ya siku ile.

"Sauti yangu imeharibika"

Tukitembelea shule, wavulana wa kidato cha kwanza na cha pili huuliza sana swali hili, mara nyingi kwa kikaratasi kisicho na jina. Anaanza kujibu swali darasani kwa besi, katikati ya sentensi inatoka sauti ya mtoto, darasa zima linakufa kwa kicheko. Ananyamaza muhula mzima.

Rafiki, hujaharibika. Wakati wa kubalehe homoni inayoitwa testosteroni inakifanya kikoromeo kikue haraka. Gegedu lake linasukumwa mbele, ndiyo maana kinundu kinaonekana. Nyuzi sauti zinarefuka na kunenepa, na kitu kirefu na kinene hutetema polepole, hivyo sauti inashuka karibu oktava moja, yaani kama kutoka do ya juu hadi do ya chini. Ubongo wako ulijifunza kuendesha kikoromeo kidogo kwa zaidi ya miaka 10. Umekabidhiwa gari kubwa ghafla, lazima gia zikwaruze. Inachukua miezi kadhaa, kwa wengine mwaka au zaidi, kisha inatulia. Hakuna dawa, mayai mabichi hayasaidii, na besi si ushahidi kwamba mtu ameanza mambo ya kikubwa. Wasichana nao sauti inashuka, ila ni noti chache tu, hawashtukiwi. Kama uko kwaya, mwambie mwalimu akubadilishie sauti badala ya kujilazimisha kuimba ya kwanza mpaka ukauke.

Hapa pana jambo linalonifurahisha. Kwa kazi ya mlango, ukubwa huu wa kikoromeo cha mwanamume hauna maana yoyote, maji hayazuiliki vizuri zaidi kwa sababu una besi. Kumbe kazi mpya ikishashika mizizi, nayo inaanza kuchonga kiungo upya. Zamani wengi waliamini kwamba kikoromeo cha binadamu kilishuka chini shingoni kwa ajili ya lugha peke yake. Mwaka 2001 watafiti walionyesha kwamba kulungu wekundu madume wa Ulaya nao wana kikoromeo kilichoshuka, na wakinguruma wanakivuta chini zaidi ili wasikike kama madume makubwa. Hawana lugha, wana maringo. Huenda na sisi tulianzia hapo hapo.

Ukikaukiwa sauti kwa mafua au kwa kushangilia mpira, ipumzishe na unywe maji. Ikikaa imekauka wiki 3 au zaidi, nenda hospitali ukaangaliwe koo. Kwa anayevuta sigara hilo ni la lazima kabisa.

Waya mrefu wa twiga

Kiraka cha zamani huonekana pia kwenye nyaya. Mshipa wa fahamu unaoendesha kikoromeo upande wa kushoto unatoka kwenye ubongo, unapita karibu kabisa na kikoromeo, lakini hausimami. Unashuka hadi kifuani, unazunguka chini ya mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, ndipo unapanda tena shingoni. Kwa samaki, asiye na shingo, njia hiyo ilikuwa fupi na imenyooka. Shingo ilipokuja, moyo ukashuka na kuuburuta mshipa. Kwa twiga safari hiyo ni ya mita kadhaa, kwenda kiungo kilicho jirani na kichwa chake! Mpasuaji anayeondoa rovu hufanya kazi kwa uangalifu mkubwa karibu na mshipa huu, kwa sababu akiuumiza mgonjwa anaamka na sauti ya kukwaruza.

Kimeo hakina kosa

Fungua mdomo mbele ya kioo. Kile kinyama kinachoning'inia katikati ni kimeo, wengine wanakiita kilimi. Ni ncha ya lile kaakaa laini linaloziba njia ya pua ukimeza, na kina tezi zinazotoa mate mepesi ya kulainisha koo. Nacho kimepata ajira ya pili. Waliosoma madrasa wanakumbuka walivyohangaika na herufi qaf mpaka shina la ulimi likagusa kule nyuma penye kimeo. Wafaransa wanakitumia kutamkia r.

Sehemu nyingi za nchi yetu, mtoto akikohoa muda mrefu wakubwa wanasema kimeo kimerefuka, apelekwe akakatwe. Nasema kwa heshima zote kwa bibi na babu: kimeo hakileti kikohozi kisichokoma. Kukikata nyumbani kunaleta mengine. Damu inayotoka iko juu kabisa ya ile njia panda, na mtoto anaweza kuivuta mapafuni au kuipoteza nyingi mno. Wembe au kisu kilichotumika kwa watoto wengine kinaweza kubeba virusi vya Ukimwi, na kisicho safi kinaleta pepopunda. Wakati huo huo ugonjwa wenyewe umeachwa unaendelea kifuani. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi, kwa mtoto au mtu mzima, kinatakiwa kupimwa kifua kikuu, na vituo vya serikali vinatibu kifua kikuu bure. Ukiwa wewe ndiye unayesoma kwenye familia, jambo hili waambie nyumbani kabla wembe haujatafutwa.

Mlinzi akilala

Mlango wetu unategemea ubongo ulio macho. Ubongo ukizimika, njia panda inabaki wazi. Ndiyo maana hospitali wanakukataza kula kabla ya upasuaji wa kulazwa usingizi, na ndiyo maana mgonjwa anayedanganya kwamba hajala anajiweka kwenye hatari.

Pombe nayo inamlaza mlinzi. Kwenye sherehe mtu akinywa hadi akazimika, wenzake humlaza chali chumbani "apunguze mapombe", wanafunga mlango na kurudi kucheza. Usiku anatapika. Matapishi yanajaa kooni, kikohozi hakiji, yanashuka mapafuni. Asubuhi wanakuta maiti. Kama rafiki yako amezimika, mlaze ubavu, uso ukielekea chini kidogo ili kitakachotoka kitoke nje, na mtu mmoja abaki naye. Akiwa haamki kabisa au anapumua kwa kusitasita, tafuta gari la hospitali. Usiogope kugombezwa.

Mwenye kifafa vilevile: asiwekewe kijiko wala kitu chochote mdomoni, asinyweshwe maji. Ondoa vitu vya kumuumiza, na degedege likiisha mlaze ubavu.

Halafu wadogo zetu. Kumshika mtoto mchanga na kummiminia uji kwa kiganja huku analia ni kuusukuma uji ndani wakati mlango uko wazi, maana hakuna anayelia bila kuvuta pumzi. Mngoje anyamaze, mkalishe wima, kidogo kidogo. Karanga nzima, shanga na sarafu zisifike mikononi mwa watoto wadogo.

Mwenzako akisakamwa

Turudi mezani. Yule anayekohoa kwa nguvu usimpige mgongoni. Mwache akohoe, mhimize, kikohozi chake kina nguvu kuliko mkono wako. Usimpe maji, usimpe tonge la ugali eti lisukume.

Hatari ni ukimya. Hawezi kuongea, hakohoi, ameshika shingo, midomo na fizi zinaanza kubadilika rangi. Hapo una dakika chache tu. Mwinamishe mbele, mpige kwa nguvu katikati ya mabega kwa kitako cha kiganja, mara 5. Ikishindikana simama nyuma yake, mzungushie mikono, weka ngumi moja juu kidogo ya kitovu, chini ya mfupa wa kifua, ishike kwa mkono wa pili, vuta kwa ndani na kwa juu kwa nguvu, mara 5. Mbinu hii ilielezwa na daktari Mmarekani Henry Heimlich mwaka 1974, nayo ni kama mvukuto wa mhunzi: hewa iliyobaki mapafuni inasukumwa ifyatue kilichoziba. Endelea hivyo, 5 na 5, mpaka kitoke. Mjamzito usimbane tumbo, vuta kwenye kifua. Mtoto wa chini ya mwaka 1 naye asibanwe tumbo: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, mpige mgongoni mara 5, kisha mgeuze na kumbonyeza katikati ya kifua mara 5. Usichokonoe kwa kidole kitu usichokiona, utakizamisha. Akizimia, mlaze chini, mtu apige simu au akimbilie gari, na wewe anza kumkandamiza kifua kwa haraka bila kusimama.

Kikitoka na akapumua, aliyebanwa tumbo apelekwe kituo cha afya akaangaliwe hata kama anacheka, kwa sababu ngumi ile inaweza kuumiza viungo vya ndani. Apelekwe pia yule ambaye alipaliwa na karanga, akatulia, halafu siku zinazofuata akabaki na kikohozi au mlio kifuani. Huenda karanga bado imo, na mara nyingi itakuwa upande wa kulia, kwa sababu tawi la kulia la bomba la hewa ni pana na limenyooka zaidi kwenda chini.